Marahaba ya Serikali

Nchi ya Shwari haipo. Nasema mapema, ili mtu asije akaniita ofisini kwake nikamweleze. Haimo kwenye ramani, wimbo wake wa taifa hauimbwi popote, na ukiona inafanana na kwenu, tatizo ni macho yako, nenda ukapimwe. Mimi nilikuwa mwandishi wa habari za mahakama katika gazeti la serikali ya nchi hiyo isiyokuwepo, gazeti la Habari Njema. Ninachosimulia hapa ni maisha na kazi za mtu aliyeheshimiwa kuliko wote baada ya Rais, Jaji Mkuu Gervas Malimbwi, Mungu amrehemu kama ataona inafaa.

Malimbwi alianza kazi enzi za wakoloni akiwa mkalimani wa mahakama. Mshtakiwa aliweza kujieleza saa nzima, akalia, akataja mashahidi, akaapa kwa kaburi la baba yake. Malimbwi alisikiliza kwa makini, akakohoa, kisha akamgeukia hakimu Mzungu na kumwambia kwa Kiingereza safi kwamba mtu huyu anakiri kosa na anaomba radhi. Kesi zilikwisha upesi na hakimu aliwahi tenisi. Wakubwa wakaona kijana ana kipaji cha sheria, wakampeleka kwao kusoma. Alirudi na wigi la singa za farasi, na ugonjwa wa kutosikia lolote linalosemwa na mtu asiyevaa viatu.

Bendera ikashushwa, nyingine ikapandishwa. Rais wa kwanza, aliyependa aitwe Baba Mlezi, alitafuta mwananchi wa kumfanya Jaji Mkuu. Majaji wazalendo walikuwa wachache na kila mmoja alikuwa na doa. Mmoja aliwahi kuuliza swali. Mwingine aliwahi kumwachia mtu huru, na ingawa alijitetea kwamba siku hiyo alikuwa na homa, hakuaminika. Malimbwi alikuwa safi kabisa, akaapishwa.

*

Kesi iliyompa umaarufu ilianzia kwenye kiti.

Uhuru ulipotimiza mwaka, Wizara ya Sherehe iliagiza kiti cha Rais kwa fundi Hemedi Pazi, seremala wa mtaa wa Kichangani. Hemedi aliwaambia watu wa Wizara kwamba mbao walizomletea bado mbichi, wazipe muda zikauke. Wizara ikamjibu kwamba mbao hazina mamlaka ya kuchelewesha uhuru. Akatengeneza kiti, tena kizuri, mgongo mrefu, mikono imechongwa maua. Siku ya sherehe Baba Mlezi akakaa. Wimbo wa taifa ulipofika pale penye kimya kidogo, Rais alijisogeza na kiti kikalia: kwiii. Sauti ile iliingia kwenye maikrofoni ikaenda redioni nchi nzima, na inasemekana kuna mikoa watu walicheka.

Kabla jua halijazama Hemedi alikuwa ameshachukuliwa. Kosa lake, nilivyoandika mwenyewe gazetini, lilikuwa kukifundisha kiti uchochezi. Hakufikishwa mahakamani, maana mtu akiwekwa kizuizini Shwari hufikishwa kizuizini tu.

Mkewe, Mwajabu binti Kilindo, alikuwa muuza vitumbua, mwanamke wa makamo aliyekwisha kupata mjukuu. Alizunguka magereza yote na shuka mkononi, kwa sababu Hemedi alikuwa mtu wa kusikia baridi na alichukuliwa na fulana tu. Kila gereza lilimwambia ajaribu jingine. Mwisho mtu mmoja akamnong'oneza kwamba mkoloni aliisahau sheria moja alipofungasha mizigo: ndugu wa mfungwa anaweza kwenda Mahakama Kuu, nayo ikailazimisha Serikali imlete mtu wake, au angalau iseme yuko wapi. Mwajabu akavaa kanga yake nzuri, akachukua shuka lake, akaenda.

Mahakama ilijaa. Nilikuwa kiti cha mbele na penseli yangu, kijana mbichi nisiye na mke. Sheria ilikuwa wazi kiasi cha kutisha, na wote tulijiuliza Malimbwi atapita wapi.

"Nimekuja kumdai mume wangu," Mwajabu alisema.

Malimbwi alivua miwani akaifuta polepole.

"Mama, umelelewa wapi?"

"Kichangani, mheshimiwa."

"Huko Kichangani, mtu akiingia kwa mkubwa wake anaanza na shida zake au anaanza na salamu?"

"Anaanza na salamu."

"Serikali umeiamkia?"

Mwajabu alimtazama Wakili wa Serikali, Bwana Ludovik Senzia, kijana aliyemaliza masomo juzijuzi na ambaye kola ya shati ilikuwa bado inamshinda.

"Huyu ni mdogo kwa mwanangu wa kwanza," alisema. "Na Serikali yenyewe imezaliwa juzi, mjukuu wangu anaizidi umri. Kama ni adabu, yenyewe ndiyo iniamkie mimi."

Watu walicheka. Malimbwi naye alitabasamu, akaahirisha shauri, akaenda kuandika hukumu ambayo mpaka leo wanafunzi wa sheria wa Shwari huikariri wakiwa wamesimama. Ninayo kichwani, kwa bahati mbaya.

"Serikali haizaliwi," alisoma. "Wanaozaliwa ni raia, na kila azaliwaye huikuta Serikali imekwisha kuamka, imekwisha kunywa chai, inamsubiri. Kwa hiyo Serikali ni mkubwa wa kila mtu, hata wa ajuza. Na kwa kuwa mila zetu tukufu, ambazo mkoloni alizidharau, hazimruhusu mdogo kumpelekea mkubwa shauri kabla hajamwamkia na kuitikiwa, Mahakama hii inatamka kwamba hakuna kesi dhidi ya Serikali itakayoanza mpaka mdai aseme Shikamoo, na Serikali iitikie Marahaba."

Watu wakapiga makofi. Wazee wawili walitokwa na machozi kwa jinsi mila zao zilivyokumbukwa. Niliandika habari yenye kichwa "Sheria Yarudi Nyumbani", mhariri akanipongeza. Nilipofika chumbani nilisikia kichefuchefu, nikayalaumu maharage ya mgahawa wa mahakama.

Mwajabu aliimeza hasira yake, maana mtu wake alikuwa analala bila shuka. Akamgeukia Senzia.

"Shikamoo, Serikali."

Senzia akasimama, akatengeneza joho. "Mheshimiwa, mimi naiwakilisha Serikali katika kushtaki na kushtakiwa. Katika kuitikia salamu sijapewa mamlaka. Naomba nafasi nikaulize."

"Kaulize," Malimbwi alisema. Kesi ikaahirishwa kabla haijaanza, na hilo nalo lilionekana ni ugunduzi.

*

Senzia aliuliza kwa dhati. Wizara ya Sheria ilisema salamu ni kazi ya Wizara ya Mila. Wizara ya Mila ikasema kumwitikia mke wa mtu aliye kizuizini ni suala la usalama. Idara ya Usalama haikusema kitu, kwa sababu ndiyo kazi yake. Ikaundwa Tume ya Kuchunguza Maitikio, ikazunguka nchi za watu kutazama serikali nyingine zinaitikiaje, ikarudi na mazulia na saa za mkononi, na pendekezo kwamba uchunguzi uendelee, safari hii wajumbe wakifuatana na wake zao.

Huku nyuma kila kikao Mwajabu alikuja na shuka lake, akasema Shikamoo, akarudi nyumbani. Na kila kikao Malimbwi alizidi kuinoa sheria. Mwaka mmoja aliikataa salamu kwa kuwa ilitoka puani, na kweli mama alikuwa na mafua. Mwaka mwingine aliikataa kwa kuwa ilikuwa na kinyongo. Kisha askari mmoja mwenye moyo wa kusaidia akamfinya mama mkono ili aamkie kwa unyenyekevu zaidi. Malimbwi alimkaripia askari yule mbele ya watu wote, nasi tukadhani tumesikia haki.

"Salamu hutoka moyoni," alitamka. "Salamu ya kulazimishwa si salamu. Na penye salamu batili, au pasipo salamu kabisa, lolote linalofuata halikutendeka mbele ya sheria. Hakuna aliyesema, hakuna aliyesikia, hakuna wa kushtakiwa. Mama, utarudi kikao kijacho ukiwa umetulia."

Habari za hukumu ile zikaenea. Aliyenyang'anywa shamba alikuja kuamkia. Aliyevunjwa mguu na polisi alikuja kuamkia kwa magongo. Ujane, uyatima, nyumba zilizobomolewa, vyote vilipanga foleni kwenye veranda ya Mahakama Kuu vikisema Shikamoo, Shikamoo, na Serikali ikipita katikati yao na mafaili kwapani bila kugeuka. Mgeni mmoja kutoka Ulaya aliwaambia waandishi kwamba hajapata kuona taifa lenye heshima namna ile. Malimbwi akapewa nishani, kisha shahada za heshima, kisha nishani ya kuwa na shahada nyingi. Mimi niliyaandika yote hayo. Maharage nilikuwa nimeshayaacha, sasa niliulaumu wali.

Na kiti je? Kiti kililetwa mahakamani kama kielelezo. Kwa kuwa kesi haikuanza, kielelezo hakikuweza kutumika, na kwa kuwa haikuisha, hakikuweza kurudishwa. Kilikaa stoo mpaka siku Malimbwi alipokijaribu, akaona mgongo wake unamfaa, akaamuru kiwekwe juu pale anapokaa. Hivyo miaka yote ile Mwajabu aliinua macho kuomba mume wake, akamwona Jaji Mkuu ameegemea maua aliyoyachonga mume wake. Kila Malimbwi alipojisogeza kiti kililia, na makarani wote walikohoa kwa pamoja kukifunika. Kukohoa kwa wakati kulikuwa sharti la ajira. Niliona karani akipandishwa cheo kwa kifua chake.

Nilichukia kikohozi kile kuliko hukumu zenyewe. Mpaka leo mtu akikohoa karibu yangu nageuza uso.

*

Baba Mlezi alikwenda nje kutibiwa jino, wanajeshi wakachukua nchi. Kanali alitangaza redioni kwamba uonevu umekwisha. Asubuhi ileile Malimbwi alimwapisha, akiwa na wigi lilelile, na mwishoni mwa wiki Mwajabu alikuwa mahakamani, nywele zake sasa nyeupe.

"Serikali hii haijamaliza hata wiki," alisema. "Na hii nayo ni mkubwa wangu?"

"Nayo," Malimbwi alijibu bila kufungua kitabu.

Kanali alipoelezwa hukumu ile ni kitu gani aliipenda mno. Aliwatia ndani mawaziri wote wa zamani, lakini Malimbwi alimwachia astaafu kwa heshima, akaamuru ijengwe sanamu yake mbele ya Mahakama Kuu, imeinua mkono mmoja kama mtu anayengoja kuamkiwa. Senzia, ambaye kila serikali ilimkuta hapo na kila serikali ilimwacha hapo, alikuwa sasa Waziri wa Sheria na ameota kitambi. Yeye ndiye aliyepata wazo la kuipamba sherehe ya kufunua sanamu. Alikwenda mwenyewe mpaka Kichangani, dereva akabaki na gari barabarani kwa sababu uchochoro haukuliruhusu.

"Mama, siku ya sherehe utaamkia mbele ya watu wote," alimwambia. "Na safari hii tutaitikia. Itakuwa mara ya kwanza katika historia ya nchi."

"Mkiitikia, kesi inaanza?"

"Inaanza palepale."

"Na mtasema Hemedi yuko wapi?"

"Kesi ikianza kila kitu kinasemwa, mama. Hiyo ndiyo sheria."

Haya niliyapata kwa jirani wa Mwajabu. Alisema usiku ule alilifua shuka, akalianika ndani, na asubuhi akalipiga pasi ya mkaa mpaka likakaa kama jipya.

*

Uwanja ulijaa. Sanamu ilikuwa imefunikwa kitambaa chenye rangi za taifa. Malimbwi, mzee sasa, mashavu yamening'inia, aliketi jukwaani kwenye kiti cha Hemedi, kwa kuwa mgongo wake haukukubali kingine. Mwajabu aliwekwa karibu yake ili wapigapicha wawapate pamoja. Mimi nilikuwa chini ya jukwaa, miguuni pao, kwa hiyo niliyasikia yote.

"Shuka hilo la nini?" Malimbwi alimwuliza kwa upole.

"La Hemedi. Leo nitaambiwa aliko."

Mzee alivuta pumzi. Alikuwa na uso wa huruma, na naapa huruma ile haikuwa ya kuigiza, ndiyo maana ilinitia kinyaa kuliko kama angemzomea.

"Mama, umri wetu umekwenda, sina sababu ya kukuficha. Hemedi alikufa mwaka uleule. Nililetewa habari ofisini, nikinywa chai, kabla hujaja kwangu mara ya kwanza."

Mwajabu alilisogeza shuka kifuani.

"Nilikuonea huruma. Kesi ingeanza ningelazimika kukwambia, ungetoka mle ndani mjane. Nikatafuta njia. Watu wanaisifu hukumu ile kwa elimu yake, lakini niliiandika kwa ajili yako. Miaka yote hii nimekuweka mke wa mtu."

Akampapasa mkono, akamtazama. Alikuwa anangoja shukrani. Nilimwona kwa macho yangu, alikuwa anangoja ashukuriwe.

"Mlimzika wapi?" Mwajabu aliuliza.

"Ah, hilo litatoka kwenye kesi."

Nilikwenda nyuma ya jukwaa nikatapika. Siku hiyo sikuwa nimekula chochote, si maharage wala wali, na sikuwa na chakula cha kulaumu.

Niliporudi, bendi ilikuwa imenyamaza na mshereheshaji alikuwa anamwita Mwajabu binti Kilindo, raia mwenye subira kuliko wote, aje aiamkie Serikali. Alikwenda mpaka kwenye maikrofoni, shuka kwapani. Senzia alisimama mbele yake na Marahaba ya Serikali mkononi, imepigwa taipu na kugongwa mihuri.

Mwajabu alimtazama. Hakufungua mdomo. Kanali alijipepea kwa kofia. Watoto wa shule waliopangwa juani walianza kukaa chini, mmoja mmoja.

"Mama, sema," Senzia alinong'ona, na maikrofoni ikakichukua kinong'ono.

"Sina."

"Ni neno moja tu."

"Nimelisema mpaka limekwisha."

Kanali alimtazama askari, askari akapiga hatua. Hapo Malimbwi aliinua mkono, kwa mazoea ya maisha yake yote, hata akafanana na ile sanamu iliyofunikwa.

"Salamu ya kulazimishwa si salamu," alisema. "Akiguswa, yote ni batili. Tusubiri."

Alisema kwa fahari. Alikuwa anaipenda sheria yake kama mtu anavyompenda mtoto. Tukasubiri, Serikali nzima ikasubiri, na katika kusubiri kule Malimbwi akajisogeza kitini.

Kwiii. Hapakuwa na karani wa kukohoa. Sauti ilipita kwenye maikrofoni ikaenda redioni, nchi nzima.

Mwajabu aligeuka.

"Simama," alimwambia.

"Mama?"

"Simama. Hicho ni kiti cha mume wangu."

Malimbwi akasimama. Sidhani kama alikusudia, nadhani miguu ilitii kabla ya kichwa. Mwajabu alilivingirisha lile shuka, akalifanya ngata, akaliweka utosini. Akakiinua kiti kwa mikono yake miwili, akajitwika, akashuka ngazi za jukwaa bila kugeuka. Watoto wa shule wakampisha.

Askari alimtazama Kanali, Kanali akamtazama Senzia, Senzia akamtazama Malimbwi, aliyekuwa ameshikilia nguzo ya jukwaa asianguke.

"Hawezi kukamatwa," mzee alisema. Sauti ilikuwa ndogo sana. "Hakuamkia. Sherehe haijaanza. Hakuna lililotendeka."

*

Kesho yake Habari Njema ilichapisha habari ya mbolea.

Kisheria sherehe ile haijaanza mpaka leo, kwa hiyo sanamu haijafunuliwa. Kitambaa kimechakaa, pua imeanza kuonekana. Malimbwi alikufa baadaye, akazikwa kwa mizinga, na hukumu yake imezivuka serikali mbili zilizopinduliwa na bunge moja lililochomwa moto. Kila utawala mpya unaapa kuyafuta ya zamani, ukiifikia ile unaikung'uta vumbi na kuirudisha rafuni. Foleni ya veranda imefika barabarani. Kaburi la Hemedi Pazi halijulikani lilipo, na anayetaka kuliulizia lazima kwanza aiamkie Serikali.

Lakini jioni ya siku ile isiyotendeka nilikwenda Kichangani. Wanaume walikuwa wamekaa nje kwenye mikeka, na ndani wanawake walikuwa wanalia, kilio cha msiba wa siku hiyohiyo, mbichi kabisa. Katikati ya chumba palikuwa na kile kiti, kimefunikwa shuka jeupe lililopigwa pasi, na Mwajabu ameketi chini kando yake, mkono wake juu ya shuka. Watu waliingia kutoa pole, wakamwamkia, wadogo kwa wakubwa, hata katoto kalikokuwa kamepotea njia kutafuta mama yake. Kila mmoja aliitikiwa.

Sikujua nitaanzaje mtu kama mimi. Nilisimama kizingitini na kiatu kimoja mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," alisema, kabla sijamaliza kuvua cha pili. "Karibu ndani."